Historia ya Gego Moja

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapofikisha umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila kusubiri jino lolote ling'oke ili lilipishe. Kwa kuwa halichukui nafasi ya jino jingine, wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni la utotoni, na kwamba likioza si neno, litang'oka na kuota jingine. Haliji jingine. Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilipatwa na dhana hiyo hiyo, na katika miaka 35 liliyokaa kinywani mwangu lilizibwa mara mbili, likatibiwa mizizi, likapasuka, likang'olewa, na mahali pake leo limesimama jino la kauri juu ya skrubu ya titani. Watu wanaponiuliza ni tiba gani ya meno iliyo bora, huwasimulia habari za gego hilo, kwa kuwa kila mara nilipokaa kwenye kile kiti, jambo la kwanza daktari alilopima lilikuwa kiasi cha jino zima kilichosalia, na majibu mengine yote yalifuata kutoka hapo.

Sehemu ya nje ya jino, enameli, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kwani takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake ipo dentini, iliyo laini zaidi na yenye vijitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, na katikati kipo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Seli zinazotengeneza enameli hutoweka pindi jino linapochomoza kwenye ufizi. Mfupa ukivunjika huunga wenyewe, ngozi ikichanika hujifunga, lakini jino likishatoboka halina mwenyewe wa kulijenga tena. Kwa hiyo daktari wa meno, ukitoa ganzi na dawa, ni fundi kwa sehemu kubwa ya kazi yake: hukata, husawazisha, hujaza, huchonga na kuunganisha, na kila mara anapofanya hivyo hutumia kidogo cha akiba ambayo hairudi.

Kizibo changu cha kwanza kilikuwa cha amalgamu, ile rangi ya fedha inayogeuka kijivu cheusi kadiri miaka inavyopita. Amalgamu ni mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni zebaki, na sehemu iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Huingizwa kwenye tundu ikiwa laini, hukandamizwa kwa nguvu (mpaka leo nakumbuka mkwaruzo wake, kama mtu anayetembea juu ya changarawe ndani ya kichwa changu), kisha hukauka na kuwa ngumu. Haishikamani na jino. Hukaa kwa sababu tundu limechongwa liwe pana chini na jembamba mdomoni, mithili ya chungu. Ili kupata umbo hilo, daktari hulazimika kuondoa hata dentini ambayo haijaoza, na hapo ndipo gego langu lilipoanza kulipa. Sisemi hivyo kwa kuibeza amalgamu, maana ilidumu miaka 16 bila kulalamika, na ni nadra kwa nyenzo nyingine kustahimili magego kwa ukaidi wa namna ile.

Siku hizi inaondoka polepole. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliyataka mataifa yapunguze matumizi ya amalgamu, na Umoja wa Ulaya ukaizuia kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona kuwa mgonjwa anaihitaji kwa lazima. Sababu kubwa ni mazingira, yaani zebaki inayoingia katika maji na hewa. Jambo hili limewatia watu hofu, na nimekutana na waliokwenda kung'olewa vizibo vizima vya amalgamu kwa kuogopa sumu. Kwa maoni yangu ni hasara tupu: kazi ya kukikwangua kizibo ndiyo inayotoa mvuke wa zebaki kwa wingi, na jino linalokwanguliwa hupoteza kingo zake nzuri pamoja na kizibo chenyewe.

Kizibo cha pili kilikuwa cha kompoziti, yaani resini (aina ya plastiki) iliyochanganywa na chembechembe ngumu kama za kioo, yenye rangi ya jino. Msingi wake uliwekwa mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alipoonyesha kuwa enameli ikipakwa asidi hupata vishimo vidogo mno ambamo resini huweza kuingia na kushika. Leo madaktari wengi hutumia asidi ya fosforasi ya takriban asilimia 37, huisuuza baada ya sekunde chache, hupaka gundi, kisha hujaza kompoziti kwa matabaka ya milimita 2 hivi, kila tabaka likikaushwa kwa mwanga wa buluu. Matabaka hayo yana sababu, kwa kuwa resini hujikunyata inapokauka, na ikijazwa yote kwa mara moja huweza kuvuta kingo na kuacha upenyo ambao bakteria hupitia. Kwa kuwa inashika yenyewe, haihitaji tundu la umbo la chungu, na daktari anaweza kuondoa kilichooza tu. Udhaifu wake ni kuchukia unyevu. Mate kidogo tu, au damu ya ufizi, na gundi haishiki; mgonjwa huondoka akiwa na kizibo cha kupendeza ambacho pembeni yake kimeshaanza kuvuja.

Ipo pia simenti ya kioo aionoma, ambayo hugandamana na jino kikemia na kutoa floraidi kidogo kidogo. Si imara kama kompoziti kwenye sehemu ya kutafunia, lakini huvumilia unyevu zaidi, na ndiyo iliyowezesha mbinu ya kuondoa uozo kwa zana za mkono pekee, bila umeme wala keekee, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na baadaye kuenea duniani. Kwa mtoto anayepiga kelele akisikia mlio wa mashine, hiyo ni rehema.

Uozo mpya ulipojificha chini ya kizibo changu cha pili, maumivu yalinipa taarifa kwa utaratibu ambao sasa naujua kwa moyo. Mwanzoni maji baridi yalinichoma kwa sekunde mbili tatu, kisha basi. Hali hiyo humaanisha kuwa kiini kimekasirika lakini bado kinaweza kutulia kikitibiwa mapema. Baadaye uchungu ulianza kukaa dakika nzima baada ya baridi kwisha. Kisha kitu cha moto kikawa kibaya kuliko cha baridi, na usiku, nilipolaza kichwa, jino lilipiga pamoja na mapigo ya moyo. Hapo kiini hakirudi tena. Halafu asubuhi moja maumivu yakakoma kabisa, nami nikashukuru na kufuta miadi. Neva ilikuwa imekufa. Wiki saba baadaye shavu lilivimba, na chini ya ufizi kukawa na kijipu kinachotoa usaha. Nilimeza antibiotiki nilizozikuta nyumbani, uvimbe ukashuka, ukarudi. Ilikuwa lazima urudi, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa kiini halina damu inayoingia ndani yake, kwa hiyo ghala la bakteria hubaki vilevile.

Matibabu ya mizizi yana sifa mbaya yasiyoistahili, na nadhani sifa hiyo imetokana na watu wanaofika wakiwa wamechelewa kama mimi. Ganzi inayotumika sana ni lidokaini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Msweden Nils Löfgren mwaka 1943, na katika jino tulivu hufanya kazi bila matata. Lakini nyama iliyovimba huwa na asidi zaidi, na asidi huipunguzia dawa hiyo nguvu. Daktari wangu alichoma sindano ya pili, akasubiri, akagonga jino kwa mpini wa kioo chake, akaniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa kwamba sisikii kitu.

Kisha akatandaza kipande cha mpira mwembamba wa buluu, akakitoboa tundu moja, akakivuta mpaka gego langu peke yake likachomoza katikati yake kama kisiwa. Mpira huo ulibuniwa na daktari Mmarekani, Sanford Barnum, mwaka 1864, na kazi yake ni kuzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mizizi, na kumlinda mgonjwa asimeze dawa au kifaa. Ningekuwa na nafasi ya kumpa mtu kigezo kimoja tu cha kumpima daktari anayetibu mizizi, ningempa hicho: je, anatumia mpira? Gego la kwanza la chini kwa kawaida huwa na mizizi 2 na, ndani yake, mifereji 3 ambamo kiini hupita. Daktari aliisafisha kwa tupa nyembamba mno, ya mwanzo ikiwa na ncha ya milimita 0.10, karibu na unene wa unywele mnene, akazipandisha ukubwa moja baada ya nyingine huku msaidizi akizipanga juu ya sponji. Kati ya tupa na tupa alimimina dawa ya hipokloraiti, ambayo ni ya jamii moja na ile inayong'arisha nguo nyeupe, na harufu yake ilinikumbusha chumba cha kufulia.

Mifereji ikishakuwa safi na mikavu hujazwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao katika karne ya 19 ndio uliofungwa kuzunguka nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari. Nilipoonyeshwa picha ya eksirei, mistari mitatu myeupe ikishuka hadi ncha za mizizi, niliona fahari isiyo na sababu, kana kwamba kazi ile nilikuwa nimeifanya mimi.

Niliambiwa nirudi baada ya wiki 2 kuvishwa jino kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulizunguka lote. Sikurudi. Jino halikuwa linauma, nami nilikuwa na shughuli nyingi, na kichwani mwangu kofia ilikuwa pambo. Kosa hilo ni langu peke yangu, na nalieleza kwa urefu kwa kuwa naliona likirudiwa kila siku. Gego lililozibwa mara mbili, kisha likatobolewa paa ili kuifikia mizizi, limebaki na kuta nyembamba zisizounganishwa juu, na kila unapotafuna kuta hizo hupanuka kidogo na kurudi, kama mbao za pipa lililovuliwa pete zake. Kofia ndiyo pete. Ili kuiweka, jino huchongwa pande zote kwa milimita 1 hadi 2, kipimo huchukuliwa, kofia ya muda huwekwa, na baadaye hugandishwa ile ya kudumu, iwe ya zirkonia (kauri ngumu sana), ya kauri juu ya chuma, au ya dhahabu, ambayo bado ina sifa ya kuwa mpole kwa jino linalokutana nayo. Lazima pia zibaki kama milimita 2 za ukuta mzima juu ya ufizi, ili kofia iwe na kitu cha kukumbatia. Mimi siku ile nilikuwa nazo.

Baada ya miezi 14, nikiwa mezani na watu, nilisikia mlio mkavu ndani ya sikio. Sikuumia hata kidogo, kwani jino lilikuwa limekufa. Niliweka ulimi na kuhisi nusu mbili za gego zikisogea kila moja kwa upande wake. Eksirei ilionyesha kuwa ufa ulikuwa umeshuka kati ya mizizi hadi chini ya mfupa, na hakuna kofia, simenti wala ustadi unaoweza kuufunga ufa wa namna hiyo. Liling'olewa kwa vipande viwili, kwa muda mfupi kuliko niliotumia kwenye chumba cha kusubiri.

Pengo lilinitia katika sura nyingine, ile ya kuchagua. Uamuzi wa kwanza unaowezekana ni kuacha palivyo, nao si upuuzi kama wengine wanavyodhani, hasa likiwa gego la mwisho kabisa. Pengo la katikati lina shida zaidi, kwa kuwa jino la juu lisilo na mwenzake huweza kushuka polepole kulitafuta, na la nyuma huinama kuelekea kwenye nafasi iliyo wazi.

Meno bandia ya kuvaa na kuvua niliyafahamu kutoka kwa mama yangu, ambaye anayo seti nzima, juu na chini. Ya juu hushika vizuri kwa kuwa hufunika kaakaa lote na kubanwa na utando mwembamba wa mate. Ya chini yana umbo la kiatu cha farasi, hayana kaakaa, na ulimi huyasukuma mchana kutwa. Wiki ya kwanza alikuwa akijifungia chumbani na kusoma kwa sauti maneno yenye s na sh, "sisi, sasa hivi, shughuli, sisisitizi", mpaka miluzi ilipotoka kwenye usemi wake. Usiku huyavua, huyasugua kwa brashi na kuyaweka ndani ya maji, kwa sababu ufizi unahitaji kupumzika na akriliki, plastiki yanayotengenezewa, ikikauka huharibika umbo. Kila baada ya miaka kadhaa hulazimika kuyapeleka yakajazwe upande wa ndani, maana mfupa wa taya usio na mizizi ya kuubana husinyaa mwaka hadi mwaka, na yaliyokuwa yakimkaa sawasawa huanza kucheza. Hata hivyo akriliki, iliyoanza kutumika kwa kazi hii katika miaka ya 1930, ni neema ukilinganisha na iliyotangulia. George Washington, ambaye husemwa alikuwa na meno ya mbao, hakuwa nayo. Alivaa meno yaliyochongwa kwa pembe na mengine ya watu na ya wanyama, yaliyoshikizwa kwa vyuma na springi, na hali hiyo, nadhani, ilikuwa mbaya zaidi ya mbao.

Daraja ni jino bandia lisilovuliwa, linaloning'inia kati ya kofia mbili zilizovishwa majirani wa pengo. Hutengenezwa ndani ya wiki chache bila upasuaji, na kama majirani hao tayari wana vizibo vikubwa vinavyohitaji kofia, mimi ningelichagua bila kusita. Majirani wa pengo langu walikuwa wazima. Kuyachonga meno mawili yasiyo na hatia ili kufidia moja nililolipoteza kwa uzembe kulinishinda moyoni. Kwa meno ya mbele lipo daraja jepesi zaidi, lenye bawa linalogandishwa nyuma ya jirani bila kumchonga sana, ila nguvu za magego kwa kawaida hulibandua.

Nilibakiwa na implanti, yaani skrubu inayopandikizwa ndani ya mfupa wa taya ili ibebe jino bandia. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kutumia chombo kidogo cha titani, na alipotaka kukitoa akakuta kimeshikamana na mfupa kiasi cha kukataa kutoka. Mwaka 1965 alimwekea binadamu skrubu za titani kwa mara ya kwanza ili zibebe meno. Kwangu, kabla ya lolote, taya lilipigwa picha ya pande tatu ili kuona unene wa mfupa na mahali ulipopita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini, kwa kuwa ukiguswa huo, mdomo huweza kubaki na ganzi. Siku ya kuweka skrubu sikusikia maumivu. Nilisikia mtetemo mzito na maji mengi baridi. Maji hayo si ya usafi tu, kwa kuwa mfupa ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kudhurika, na mfupa uliodhurika haushiki titani. Kisha ufizi ukashonwa, nami nikasubiri miezi 4 mfupa uote kuizunguka, ndipo jino la kauri likafungwa juu yake. Kwa mvutaji wa sigara, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, subira hiyo huwa na mashaka zaidi.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni hisia. Jino la asili halijashikamana na mfupa moja kwa moja. Limening'inizwa kwa nyuzinyuzi zenye neva, ndiyo maana unatambua chembe moja ya mchanga katikati ya tonge. Implanti haina nyuzi hizo. Nikitafunia kushoto, nasikia sauti kabla ya kuhisi mguso, na mara mbili nimeuma kitu kigumu kwa nguvu nisiyoikusudia. Titani haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huweza kuvimba na mfupa ukaliwa kimyakimya, kwa hiyo kila usiku napitisha uzi chini ya jino lile la kauri, pole pole, kwa uangalifu ambao gego la asili halikuwahi kuupata.

Mwezi uliopita daktari aliona doa jeupe kama chaki kwenye jino la mbele yake. Asidi ya bakteria, kinywa kikishuka chini ya pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ya 5.5 hivi, ilikuwa imeanza kunyonya madini, lakini uso wa enameli haujatoboka, na katika hatua hiyo mate na floraidi bado huweza kuyarudisha. Alilikausha, akalipaka vanishi ya floraidi, akalipiga picha, na kuandika tarehe. Keekee ilibaki imetundikwa mahali pake. Nimepangiwa kurudi baada ya miezi 6, na safari hii nimeandika miadi kwenye kalenda ya ukutani.